Mwongozo Kamili wa Kukadiria Mwangaza wa Nyota na Kutuma Ripoti Inayokubalika: Kwa Waangalizi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Wasomaji wengi wa ukanda huu waliojaribu kuchangia elimu ya nyota kwa kukadiria mwangaza wa nyota zinazobadilika hukwama mahali pale pale. Hutoka nje usiku, huitazama nyota, huandika namba na kuituma. Kisha ripoti yao inasomeka kana kwamba nyota ilitazamwa jua likiwa limechomoza, au inapishana mno na ripoti za waangalizi wengine wa wiki hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi huamua kwamba macho yao hayafai, au kwamba kazi hii ni ya wenye darubini za bei kubwa.

Macho ya kawaida yanatosha. Ripoti nyingi zinazoharibika huharibikia katika daftari: saa imeandikwa kwa namna isiyoeleweka, nyota za kulinganishia hazikutajwa, au ramani iliyotumika haijulikani ni ipi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia maneno mengi zaidi kwenye kukadiria na kuandika saa kuliko kwenye vifaa.

Mradi ninaouzungumzia unaendeshwa na chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwangaza, kinachojulikana kwa herufi AAVSO, ambacho makao yake yako Marekani na kilianzishwa mwaka 1911. Huhitaji kuwa mwanachama wala kulipa chochote ili kutuma makadirio. Watafiti huyachukua makadirio hayo kutoka kwenye hifadhidata moja ya wazi, kwa kuwa nyota hizi ni nyingi mno na darubini kubwa haziwezi kuzitazama zote kila usiku.

Mahali tulipo pana faida ambayo wengi wetu hatuitumii. Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo usiku wetu una takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, na nyota za kaskazini na za kusini zote hupita angani kwetu. Mwezi Juni, wakati waangalizi wa Ulaya ya kaskazini hawapati giza la kutosha, sisi tunalo.

## Vifaa vya kuandaa

- Daftari lenye jalada gumu na penseli. Kalamu ya wino husumbua umande ukianguka.
- Ramani iliyochapishwa kwenye karatasi. Kazi hii hufanywa saibani kwa bei ndogo, na ukurasa mmoja unatosha kwa nyota moja.
- Tochi hafifu yenye mwanga mwekundu. Tochi ya kawaida iliyofunikwa kwa karatasi ya nailoni nyekundu, tabaka mbili au tatu, inafanya kazi ile ile.
- Saa inayokwenda sawasawa. Saa ya simu inayojirekebisha kupitia mtandao inatosha.
- Nguo nzito kwa walio Nakuru na Eldoret, ambako baridi ya usiku hukatisha kazi kuliko mawingu. Kwa walio Kisumu na kandokando ya ziwa, dawa ya kufukuza mbu na nguo za mikono mirefu ni vifaa vya lazima kama daftari lenyewe, kwa sababu malaria ipo.
- Darubini ya macho mawili, ukiwa nayo. Si ya lazima kwa nyota ninazozipendekeza hapa.

Simu isitumike kama ramani. Hata mwanga wake ukipunguzwa, huyarudisha macho yako mwanzo kila unapoitazama.

## Hatua ya 1: Jiandikishe na upate msimbo wa mwangalizi

Fungua akaunti kwenye tovuti ya AAVSO kwa kutumia barua pepe unayoifungua mara kwa mara, kisha uombe msimbo wa mwangalizi. Msimbo huo ni herufi chache zitakazoambatana na kila ripoti yako kwa miaka yote utakayokuwa ukitazama nyota. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya usiku wa kwanza, ili usije ukawa na makadirio mazuri daftarini huku huna njia ya kuyatuma.

Katika maelezo ya mahali ulipo, andika mji wako na nchi. Usianzishe akaunti ya pili ukisahau nywila. Omba nywila mpya. Mtu mwenye misimbo miwili huwavuruga watafiti wanaotaka kujua kila mwangalizi ana mwelekeo gani wa kukadiria juu au chini.

## Hatua ya 2: Chagua nyota moja tu

Wanaoanza kwa nyota kumi huacha kabla ya mwezi kwisha. Chagua moja kulingana na majira.

Kuanzia Julai hadi Novemba, chagua Eta Aquilae, ambayo kwenye fomu na ramani huandikwa *eta Aql*. Iko katika kundinyota la Ukabu. Mwangaza wake hupanda na kushuka kati ya magnitudo 3.5 na 4.4 kwa mzunguko wa siku 7.18. Magnitudo ni kipimo cha mwangaza ambacho namba ndogo huonyesha nyota angavu zaidi. Tofauti ya magnitudo 5 ni sawa na mwangaza mara 100. Nyota hii inatufaa kuliko watu wengi duniani, kwa sababu hupita karibu kabisa na utosi wa anga letu. Mwezi Septemba huwa juu kabisa karibu saa mbili na nusu usiku.

Kuanzia Desemba hadi Aprili, chagua Betelgeuse, nyota nyekundu ya kundinyota la Jabari, inayoandikwa *alf Ori*. Hiyo hubadilika polepole, kwa hiyo kadirio moja kwa wiki linatosha. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilififia hadi karibu magnitudo 1.6, na makadirio ya watu wasio na kifaa chochote yalikuwa miongoni mwa kumbukumbu za tukio hilo.

Mifano mingi ya mwongozo huu ni ya Eta Aquilae. Hiyo ndiyo nyota bora ya kujifunzia, kwa kuwa ndani ya wiki moja utaona mwenyewe kama unakadiria vizuri.

## Hatua ya 3: Chapisha ramani sahihi

Tovuti ya AAVSO ina kichora ramani. Andika jina la nyota, chagua ramani pana inayobeba nyuzi 15 za anga, na uweke kikomo cha nyota za magnitudo 6 hivi. Usipoweka kikomo, ramani ya Ukabu itajaa vidoto, kwa sababu eneo hilo limo ndani ya mkanda wa Njia Nyeupe, nawe hutajua kidoto kipi ni nyota unayoiona kwa macho.

Kwenye ramani utaona namba karibu na baadhi ya nyota. Hizo ndizo nyota za kulinganishia, na namba hizo ni magnitudo zilizoandikwa bila nukta: 32 ni 3.2, na 44 ni 4.4. Nukta huachwa ili isidhaniwe kuwa nyota nyingine.

Pembeni mwa ramani kuna namba yake ya utambulisho. Inakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari mara tu unapochapisha. Magnitudo za nyota za kulinganishia hupimwa upya mara kwa mara, na namba hiyo ndiyo inayomwezesha mtafiti kujua ulitumia vipimo vipi. Wengi hukata pembe za karatasi ili iingie mfukoni, na namba hiyo hupotelea hapo.

Usichanganye ramani mbili kwa nyota moja katika usiku mmoja, na usichukue magnitudo kutoka kwenye programu ya simu inayoonyesha majina ya nyota.

## Hatua ya 4: Chagua mahali na wakati

Kwa nyota angavu hizi huhitaji kwenda porini. Uani mwa nyumba panatosha ikiwa hakuna taa inayokupiga machoni moja kwa moja. Walio karibu na mlingoti wa mulika mwizi wasimame upande wa nyumba unaoukinga mwanga huo. Wanaotazama kutoka ufukweni Dunga au penginepo kwenye ghuba wakumbuke kwamba usiku usio na mwezi ndio wavuvi wa omena huingia ziwani na taa zao. Simama ukiyapa maji mgongo. Stima ikipotea mtaani, toka nje upesi, maana anga hilo halipatikani kila siku.

Subiri mpaka saa mbili kasorobo usiku hivi, giza likiwa limekamilika, kisha yape macho dakika ishirini hadi thelathini bila kutazama taa nyeupe. Ruka usiku ambao mwezi mpevu uko karibu na nyota yako, na ruka pia usiku wenye mawingu membamba yasiyoonekana vizuri. Ukiona nyota za eneo moja zinafifia na kurudi, hayo ni mawingu.

Mvua za ukanda wetu hunyesha zaidi alasiri na jioni, kwa hiyo usikate tamaa anga likiwa limefunga saa moja. Mara nyingi hufunguka baadaye, na likishaoshwa na mvua huwa safi.

Waarifu majirani na msimamizi wa jengo kabla ya usiku wa kwanza. Mtu anayesimama gizani akiwa na tochi nyekundu, akitazama juu na kuandika, huulizwa maswali, na ni afadhali aulizwe mchana. Usiende peke yako mahali usipopafahamu.

## Hatua ya 5: Itambue nyota bila shaka

Kwa Eta Aquilae, anza na Altair, nyota angavu kuliko zote za Ukabu, iliyo katikati ya nyota mbili hafifu zaidi zinazofanya nayo karibu mstari mmoja. Ile angavu zaidi kati ya hizo mbili ni Tarazed. Ile nyingine ni Beta Aquilae, ambayo utaihitaji baadaye. Nyosha mkono na ukunje ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Eta iko kusini mwa Altair, chini kidogo ya upana wa ngumi moja, karibu katikati ya mstari unaounganisha Delta na Theta za kundinyota hilo hilo.

Kwa kuwa nyota hii hupita utosini, ramani yako itaonekana sawa au kinyume kutegemea umeelekea wapi. Zungusha karatasi mpaka umbo la Tarazed, Altair na Beta lilingane na unachokiona, kisha ndipo uitafute Eta. Wanaokosea hapa kwa kawaida hushika karatasi wima kama gazeti na kujaribu kulilazimisha anga lifuate karatasi.

Hatua hii imefaulu ukiweza kuionyesha nyota yako, na angalau nyota tatu za kulinganishia, bila kutazama ramani.

## Hatua ya 6: Kadiria mwangaza kati ya nyota mbili

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Hutaangalia nyota moja na kubuni namba. Unatafuta nyota mbili za kulinganishia, moja angavu kuliko nyota yako na nyingine hafifu kuliko hiyo, kisha unaamua nyota yako imekaa wapi kati yake, kama muuzaji anavyopima kwenye mizani kwa mawe anayoyajua uzito.

Kwa Eta Aquilae, nyota za kawaida za kulinganishia ni Theta yenye magnitudo 3.2, Beta yenye 3.7 na Iota yenye 4.4. Namba za ramani yako zikitofautiana na hizi, fuata ramani yako.

Jiulize kwanza: je, Eta ni angavu kuliko Beta, au ni hafifu? Tuseme ni angavu kuliko Beta lakini hafifu kuliko Theta. Basi iko kati ya 3.2 na 3.7. Sasa ligawe pengo hilo akilini katika sehemu tano, na uamue. Ikiwa umbali wake kutoka Theta ni sehemu tatu na kutoka Beta ni sehemu mbili, kadirio lako ni 3.5. Andika kwa desimali moja tu. Jicho lililozoea hukosea kwa kiasi cha 0.1 hadi 0.2, na anayeandika 3.47 anadai usahihi ambao jicho halina.

Kuna mitego minne, na kila mmoja una sababu yake.

Urefu angani. Nyota iliyo karibu na upeo wa macho hupitisha mwanga wake kwenye hewa nyingi zaidi. Nyota iliyo nyuzi 30 juu ya upeo hupita kwenye hewa maradufu ya ile iliyo utosini, na hupoteza karibu robo ya magnitudo zaidi, hata anga likiwa safi. Chagua nyota za kulinganishia zilizo karibu kimo kimoja na nyota yako. Kwa Betelgeuse jambo hili ni kubwa, kwa sababu nyota zake za kulinganishia ziko mbali: Procyon yenye 0.4 iko mashariki yake, na Aldebaran yenye 0.9 iko magharibi. Jioni ya Desemba, Procyon ingali chini na huonekana hafifu kuliko ilivyo. Mwezi Februari, karibu saa mbili na nusu usiku, Betelgeuse huwa karibu na utosi na nyota hizo mbili huwa karibu kimo kimoja pande zake mbili; huo ndio wakati wa kuikadiria.

Rangi. Jicho likikodolea nyota nyekundu kwa muda mrefu, nyota hiyo huonekana kuongezeka mwangaza. Tazama Betelgeuse kwa kutupa jicho haraka, kisha uhamie Aldebaran, kisha urudi. Usiikazie macho.

Mkao wa kichwa. Ukilinganisha nyota mbili, moja ikiwa juu na nyingine chini, moja huweza kuonekana angavu zaidi kwa sababu ya sehemu ya jicho inayoipokea. Geuza kichwa mpaka mstari wa macho yako uwe sambamba na mstari wa nyota hizo. Kwa nyota za utosini, lala chali kwenye mkeka. Shingo iliyochoka huharakisha uamuzi.

Kumbukumbu. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, na hauhusiani na macho. Ukijua kwamba jana uliandika 3.6, leo utaiona 3.6. Ukiangalia mchoro wa waangalizi wengine kabla ya kutoka, utaona walichokiona wao. Funika kurasa za nyuma za daftari kwa kipande cha gazeti, na usifungue mchoro wowote kabla ya kutuma. Kadirio lililopishana na la wengine lina manufaa likiwa la kweli; lililorekebishwa ili lifanane na la wengine halimfai mtu yeyote, na mtafiti hana njia ya kulitambua na kulitoa.

Rudia ulinganisho mara mbili au tatu, kisha uishie hapo. Ukiendelea kubishana na nafsi yako kwa robo saa, macho huchoka na namba haziwi bora.

## Hatua ya 7: Andika papo hapo

Kabla hujaondoka mahali uliposimama, andika mambo haya kwa mpangilio huu:

1. Usiku wa tarehe gani kuamkia tarehe gani. Mfano: usiku wa 14 kuamkia 15 Septemba.
2. Saa na dakika za hapa kwetu.
3. Jina la nyota.
4. Kadirio.
5. Nyota mbili za kulinganishia ulizotumia, kwa namba zake za ramani: 32 na 37.
6. Namba ya ramani.
7. Hali ya anga: mwezi, ukungu, mawingu, taa.

Tarehe mbili katika jambo la kwanza zina kazi. Mtu akiandika "tarehe 14 usiku wa manane", baada ya wiki hatajua tena kama alimaanisha usiku ulioanza tarehe 14 au ule ulioishia tarehe 14.

Usisubiri kuandika ukiingia ndani. Namba hubaki kichwani, lakini nyota za kulinganishia husahaulika, na ripoti isiyozitaja haiwezi kukaguliwa.

## Hatua ya 8: Geuza saa yako kuwa saa ya kimataifa

Fomu inataka saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Sisi tuna hatari ya kukosea mara mbili, kwa kuwa tunahesabu saa kuanzia machweo, kisha tunatakiwa kupunguza tatu. Aliyetazama saa tatu na dakika ishirini usiku akaandika 3:20 amesema kwamba alitazama nyota saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi kwa saa zetu. Aliyeandika 21:20 amekosea kwa saa tatu. Jibu sahihi ni 18:20.

Kanuni moja inamaliza hesabu yote: chukua saa ya Kiswahili ya usiku na uongeze 15. Dakika hazibadiliki.

Ukipata 23 au pungufu, hiyo ndiyo saa ya UTC, na tarehe ni ile ya jioni usiku ulipoanza. Ukipata 24 au zaidi, toa 24, na tarehe ni ya siku inayofuata.

Tuuchukue usiku wa 14 kuamkia 15 Septemba:

- Saa mbili na nusu usiku: 2 + 15 = 17, yaani 17:30, tarehe 14.
- Saa sita na dakika kumi usiku: 6 + 15 = 21, yaani 21:10, tarehe 14, ingawa simu yako inaonyesha tarehe 15.
- Saa nane kamili usiku: 8 + 15 = 23, yaani 23:00, bado tarehe 14.
- Saa kumi na robo alfajiri: 10 + 15 = 25; toa 24, yaani 01:15, tarehe 15.

Mfano wa pili na wa tatu ndio unaowaponza wengi. Kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, tarehe ya simu imeshasonga mbele lakini ya UTC haijasonga.

Kosa la saa chache halitaiharibu sana ripoti ya Betelgeuse. Lakini ukishahamia nyota kama Algol, ambayo hushuka kutoka mwangaza wake wa kawaida hadi ule wa chini kabisa ndani ya takriban saa tano, kosa la saa tatu linageuza ripoti nzuri kuwa ya uongo. Jenga tabia hiyo sasa.

Ripoti zilizohifadhiwa huonyesha pia namba ndefu inayoitwa siku ya Julius, inayohesabu siku mfululizo bila miezi wala miaka. Siku hiyo huanza adhuhuri ya UTC, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri, kwa hiyo usiku wetu wote huangukia ndani ya siku moja. Kwa mfano, saa tatu na nusu usiku wa 20 Januari 2026 ni 18:30 UTC, na siku ya Julius ni 2461061.2708. Fomu hukufanyia hesabu hii. Ijue tu ili uweze kukagua.

## Hatua ya 9: Jaza fomu

Fungua fomu ya kutuma kadirio moja, na uchague aina ya kutazama kwa macho. Ijaze ukitazama daftari, bila kutegemea kumbukumbu.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye ramani: *eta Aql*. Magnitudo iandikwe kwa nukta: 3.5. Nyota za kulinganishia ziandikwe bila nukta, kama ramani inavyozionyesha: 32 na 37. Kubadilisha mpangilio huo ni kosa la kawaida sana. Kisha weka namba ya ramani, na uchague alama za maelezo ikiwa mwezi, mawingu au kimo kidogo cha nyota vilikusumbua. Ukisema wazi kwamba anga lilikuwa baya, ripoti yako haidharauliwi. Inasomwa kwa uangalifu unaostahili.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, linganisha saa ya fomu na ya daftari mara moja zaidi. Ikiwa bando limeisha, ripoti inaweza kusubiri hata wiki kadhaa. Daftari likiwa kamili, hakuna kinachopotea.

Ukipata kosa baada ya kutuma, usitume ripoti ya pili juu ya ile ya kwanza. Tafuta orodha ya ripoti zako mwenyewe kwenye tovuti, fungua iliyo na kosa na uirekebishe au uifute.

## Hatua ya 10: Kagua matokeo baada ya kutuma

Sasa unaweza kufungua mchoro wa mwangaza wa nyota yako na kuiona nukta yako kati ya nukta za wengine. Makadirio ya macho hutawanyika kwa kawaida, na tofauti ya 0.2 au 0.3 haina shida. Nukta yako ikipishana kwa zaidi ya 0.5, fuata mpangilio huu: kagua tarehe na saa, kisha kama uliitambua nyota yenyewe, kisha namba za nyota za kulinganishia, na mwisho kimo cha nyota hizo angani. Ukikuta kosa la kuandika, lirekebishe. Usipokuta kosa lolote, iache ripoti ilivyo.

Kwa Eta Aquilae kuna kipimo kizuri zaidi. Baada ya kukusanya makadirio ya wiki kadhaa, chukua siku ya Julius ya kila kadirio, toa ile ya kadirio la kwanza, gawa kwa 7.177, na ubaki na desimali pekee. Chora magnitudo dhidi ya desimali hizo kwenye karatasi ya miraba, namba ndogo zikiwa juu. Umefaulu ikiwa nukta zinaunda mlima wenye mteremko mkali upande wa kupanda na mpole upande wa kushuka, kwa sababu nyota hii hupata mwangaza haraka na kuupoteza polepole. Hakuna mtu aliyekuambia namba hizo. Umezitoa angani mwenyewe. Ikiwa nukta zimetapakaa bila umbo, shuku saa kwanza, kisha nyota za kulinganishia.

## Anga likifunga kwa majuma

Katika mvua za Machi hadi Mei, hasa pande za Kakamega na Kericho, unaweza kukaa muda mrefu bila kuona nyota. Usijaze pengo kwa kukisia. Tumia majuma hayo kwenye miradi ya tovuti ya Zooniverse, ambapo picha zilizokwisha kupigwa na darubini husubiri macho ya watu kuzipanga. Galaxy Zoo, uliofunguliwa mwaka 2007, huomba watu waeleze maumbo ya galaksi. Kazi hiyo inahitaji intaneti na subira tu. Soma maelezo ya mazoezi mpaka mwisho kabla ya kuanza, na usipoelewa picha, chagua jibu linalosema hivyo.

## Nyota ya kuongeza ukishazoea

Ukishatuma ripoti zisizo na kasoro kwa msimu mzima, ongeza T Coronae Borealis, inayoandikwa *T CrB*. Kwa kawaida ina magnitudo 10 hivi, kwa hiyo haionekani kwa macho wala kwa darubini ndogo ya macho mawili. Ililipuka mwaka 1866 na tena 1946, na kila mara ilipanda hadi karibu magnitudo 2 au 3 kabla ya kufifia ndani ya siku chache. Wanaastronomia wanaungoja mlipuko mwingine. Kati ya Juni na Agosti kundinyota lake huwa juu upande wetu wa kaskazini saa za mapema za usiku.

Usiku ambao huioni, ripoti bado ipo. Tafuta nyota hafifu kuliko zote unayoiona kwenye ramani karibu na mahali inapopaswa kuwa, na uandike magnitudo yake ikitanguliwa na alama ya "<", kwa mfano <5.2, ukiitaja nyota hiyo kama ya kulinganishia. Hiyo inamweleza mtafiti kwamba saa fulani, kutoka Kenya, mlipuko ulikuwa haujaanza. Ukiiona kwa macho matupu, linganisha mahali pake na ramani mara mbili, kadiria, andika saa kwa dakika, na utume usiku huo huo bila kungoja asubuhi.